Mtungi wa Mlangoni

Kwetu mwanamume hakuteka maji. Angeweza kujenga nyumba, kukata miti, kukamua ng'ombe akitaka, lakini mtoni aende kuoga tu. Kwa hiyo ungemwona Mwalimu akipanda mteremko asubuhi ya Sabato, mtungi begani, kaptula ya khaki imelowa upande mmoja, miguu mirefu ikitafuta mahali pa kukanyaga kwenye tope, nawe ungecheka. Wote walicheka. Wanawake waliokuwa njiani walipisha wakashika midomo, na wazee waliokuwa wakiota jua hawakushika hata hiyo midomo. "Huyo ni mvulana tu," walisema akisikia. "Kwao hawatahiri. Mvulana akibeba mtungi kuna ajabu gani?" Yeye aliwaamkia kwa adabu, mmoja mmoja, akaendelea na njia yake, jasho na maji vikimchuruzika shingoni.

Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la kwao. Sitalitaja, maana hata nikilitaja watu wa rika langu huku Birongo wataniuliza ni nani huyo. Lakini sema "Mwalimu wa mtungi" uone watakavyonyamaza.

Alitoka huko chini, ziwani. Alikuja na watu wa misheni siku zile ambapo lugha yetu haikuwa na kitabu. Usishangae. Maneno ya Mungu yalitufikia kwanza kwa lugha ya majirani zetu wa ziwani, na mtoto wa Kisii aliyetaka kusoma habari za Yesu ilimbidi azisome kwa lugha ya watu ambao babu yake alipigana nao. Wazazi wetu hawakuelewa hata neno. Walisikia watoto wakirudi nyumbani wakiimba vitu visivyojulikana, wakasema ndivyo dini ilivyo.

Na Mwalimu, jamani, alikuwa mkali juu ya lugha hiyo! Darasa lake lilikuwa nyumba ya udongo, paa la nyasi, mlango mmoja na magogo ya kukalia. Ukishavuka ule mlango, lugha ya nyumbani umeiacha nje. Unataka kutoka? Omba kwa lugha ya kitabu. Una kiu? Simama, mwite Mwalimu, omba maji kwa sentensi nzima, unywe, ushukuru kwa lugha ile ile, ungoje ruhusa, ndipo urudi kwenye gogo lako. "Ukiomba kwa lugha ya nyumbani, hujaomba," alikuwa akisema. "Omba vizuri, utapewa." Kiriba chake cha maji kilining'inia kwenye nguzo nyuma yake, na wako watoto waliokaa na kiu asubuhi nzima kwa sababu ya neno moja lililowaponyoka. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Aliamini kwamba mtoto anayeweza kuomba maji kwa lugha ya kitabu ataweza pia kumwomba Mungu.

Haya ya wakati ule nimesimuliwa, maana nilikuwa bado mdogo. Aliyekuwa darasani ni dada yangu Moraa.

Lakini nisimpake ukali mtupu, maana Mwalimu alikuwa pia kioja. Alichukia baridi yetu. Mvua ya mawe ikianza kupiga paa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujikunyata, na watoto wadogo wakamcheka. Ndizi za kupika zilimshinda miaka mingi. Alizitazama sahanini kama anayedaiwa. Na kuimba hakujua kabisa. Alianzisha wimbo juu mno, sisi tukaushusha, yeye akabaki huko huko peke yake mpaka mwisho, amefumba macho, ana furaha tele.

Na ujanja wake wa kufundisha sijauona kwa mwingine. Wimbi likikaribia kuiva, watoto wote walipelekwa shambani kufukuza ndege, na darasa likabaki tupu. Walimu wengine walilalamika. Yeye alifunga mlango akatufuata shambani. Kila mtoto alikuwa juu ya kichanja chake, shamba hili na shamba lile, bonde katikati. Mwalimu akampa wa kwanza mwanzo wa mstari, wa shamba la pili kati yake, wa ng'ambo ya mto mwisho wake. Ndege wakishuka, badala ya kupiga kelele za ovyo, tulipiga Maandiko. Mmoja anapaza, mwingine anapokea, wa tatu anamalizia kule juu, na ndege wanaruka kutoka shamba hadi shamba hawajui watue wapi. Mistari tuliipa majina yetu: mstari wa taa, mstari wa punda, mstari wa Mlinzi asiyelala. Hata leo nikipita mahali fulani karibu na mto, mstari wa punda unanijia wenyewe.

Kitu kimoja hakukivumilia: uongo. Mtoto aliyeiba miwa alipigwa kidogo akasamehewa. Mtoto aliyesema hakuiba na ameiba, huyo alitolewa nje akaketi kuupa mlango mgongo mpaka somo liishe, na Mwalimu mwenyewe hakula mchana ule. Aliwaambia, "Mkinidanganya mimi, mtamdanganya na Yeye." Wale wa darasa la Moraa ni wazee leo, wengine mashemasi, na bado wanamkumbuka kwa hilo.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Mwaka ule homa ilipanda milimani. Zamani tuliijua kuwa ni homa ya mabondeni, ya huko kwao kina Mwalimu. Mwaka ule ilifika kwetu, ikapita nyumba kwa nyumba. Baba alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai. Nyumbani tulikuwa Mama, nyanya mzaa baba, Moraa na mimi. Moraa aliugua akitoka darasani. Nakumbuka miguu yake nje ya ngozi aliyolalia, na nyanya akiichua kwa majani. Nakumbuka mvua ya mchana. Watu wa wakati ule waliamini kwamba mwili wenye homa haupewi maji baridi, kwamba maji yanaisukuma homa moyoni, na nyanya alikuwa mkubwa wa nyumba. Neno lake halikupingwa na mke wa mwanawe.

Ilipofika alasiri Moraa aligeukia ukutani, akaanza kusema kwa lugha ya ziwani. Alisema maneno yale yale, akanyamaza, akayasema tena. Alisema kwa adabu, polepole, kila neno mahali pake. Mama alimwinamia akamwuliza, "Unasema nini, mama yangu?" Akayasema tena. Mvua ilipokatika, naye alikuwa amenyamaza.

Mama hakuelewa hata neno, lakini aliyashika. Aliyarudia moyoni wakati wa maziko, aliyarudia akitwanga, aliyarudia akiwa peke yake migombani. Hakulia mbele za watu. Alitaka jambo moja tu hapa duniani: kujua mtoto wake alisema nini. Je, alikuwa akimwita mtu? Alikuwa na maumivu mahali ambapo hawakupaangalia? Alimkasirikia mama yake? Sabato iliyofuata alinishika mkono, yeye ambaye hakuwa wa kanisa, tukapanda kwenda darasani.

Alisimama mlangoni. Nilikuwa nimeshika nguo yake. Watoto walikuwa wamejaa kwenye magogo, na gogo moja lilikuwa na nafasi. Mama akasema, "Mwalimu, mwanangu aliondoka akisema kwa lugha yako. Niambie alisema nini." Kisha akayasema, kama alivyoyatunza:

"*Japuonj, yie imiya pi.*"

Nilikuwa mdogo, lakini ukimya ule ninao mpaka leo. Watoto wote wa darasa lile walikuwa wameyasema maneno yale kila Sabato. Mvulana mmoja wa mbele aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Msichana mwingine alijifunika uso kwa nguo. Mwalimu aliweka kitabu chini. Alimtazama Mama kwa muda mrefu, halafu akanitazama mimi.

"Alikuwa akizungumza na Mungu, Mama Moraa," alisema kwa Kigusii chake cha kuokoteza. "Alisema ule mstari wa Mlinzi asiyelala."

Hakuna mtoto aliyefungua mdomo. Mama akavuta pumzi, ya kwanza nzima tangu maziko. Akasema, "Basi nitausema na mimi." Akaketi pale kwenye gogo lenye nafasi, akanipakata.

Tangu siku ile Mwalimu alibadilika, na kila mtu aliona, ila kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengine walisema ni umri, wengine walisema ameonywa na wakubwa wa misheni. Kile kiriba kiliondolewa kwenye nguzo. Mahali pake ukaja mtungi, ukawekwa mlangoni, na kata ya kibuyu juu yake, na amri ikawa moja: mwenye kiu anywe. Asiombe. Asisimame. Mtoto aliyejisahau akaomba ruhusa, Mwalimu alimkatiza, "Kunywa, kunywa, nani amekuuliza?" Maji aliyateka mwenyewe. Wanawake wa kanisa walijitolea kumsaidia akakataa, mpaka wengine wakaona anawadharau.

Na lugha nayo aliiacha. Yeye aliyesema hujaomba ukiomba kwa lugha ya nyumbani, akaanza kujifunza lugha ya nyumbani kutoka kwetu sisi watoto, akiwa na mvi. Tulimfundisha vibaya makusudi! Tulimpa maneno ya kuchekesha badala ya maneno ya sala, akayasema mbele ya wazee, wazee wakaanguka kicheko. Hakukasirika. Alirudi akatuambia, "Haya, sasa nipeni lile la kweli." Alitafsiri mistari papo hapo, akikuna kichwa, akimwuliza Mama, "Mama Moraa, hili kwenu mnalisemaje?" Naye Mama, ambaye hakujua kusoma, ndiye aliyempa.

Hilo jina nalo. Kwa desturi, mtoto akifariki watu huanza kukuita kwa yule aliyebaki, wakukwepeshe kidonda. Kijiji kizima kilimwita Mama Kerubo, kwa jina langu. Mwalimu peke yake hakuacha kumwita Mama Moraa. Niliona ni kukosa adabu. Siku moja nilimwambia hivyo, kwa ule mdomo wangu, akanijibu, "Na wewe nitakuita mtoto wake wa pili, maana ndivyo ulivyo." Niliudhika wiki nzima.

Kuna tabia yake moja niliyoizoea bila kuifikiri. Mwisho wa somo Mama alisimama akasema sala yake, yale maneno ya Moraa, macho amefumba. Sisi wadogo hatukuyaelewa. Tulijua ni sala ya Mama Kerubo tu. Wakubwa walioyaelewa walitazama chini. Na kila aliposema, Mwalimu aliondoka mbele, akaenda mlangoni, akachota maji kwa kata, akampa mtoto mdogo kuliko wote darasani. Mtoto awe na kiu asiwe na kiu, alikunywa. Nami nilipewa nilipokuwa yule mdogo, na nakumbuka maji yakinimwagikia kifuani. Nilidhani ni sehemu ya ibada, kama kufumba macho.

Nilikua hivyo. Nilibatizwa, nikasoma kidogo, nikapelekwa chini kwenye hospitali moja ya misheni kujifunza kuosha wagonjwa na kubadilisha vitanda. Lugha ya ziwani nilijifunza huko, kwa wagonjwa, neno hili leo, neno lile kesho. Mchana mmoja nilikuwa nakunja mashuka. Mtoto wa kike mwenye homa, kitanda cha dirishani, alimwita nesi mkubwa, na baada ya kumwita alisema yale maneno matatu ya mwisho ya sala ya Mama. Nesi akamwinua kichwa akampa kikombe cha maji.

Nilikaa chini sakafuni na mashuka yangu. Waliniuliza nina nini nikasema nimeteleza.

*Mwalimu, tafadhali nipe maji.* Ndiyo sala yetu ile. Ndiyo mama yangu aliyokuwa akiisema kila jioni akifunika moto, akiamini anamwambia Mungu kwamba Mungu halali.

Mwalimu alikuwa amekwisha kurudi kwao wakati huo. Walikuja walimu wenye vyeti, naye akapewa asante na koti. Nilimfuata nyumbani kwake nikiwa nawaka. Nilimkuta anafunga kamba kwenye boma la mbuzi. Sikumwamkia.

"Ulimdanganya mama yangu."

"Ndiyo," alisema.

"Wewe! Wewe uliyetoa watoto nje kwa uongo wa muwa!"

"Ndiyo." Aliacha kamba. "Alisimama mlangoni, na wewe umeshika nguo yake. Ungekuwa mimi ungemwambia nini? Kwamba mwanawe aliomba maji mpaka akafa, na aliyaomba kwa lugha ambayo mimi nilimwambia ndiyo pekee inayosikiwa?"

Hasira yote ilinitoka, nikabaki nalia kama mtoto. Yeye hakulia. Aliniambia kwamba siku ile alingoja mtoto mmoja wa darasa amuumbue, na alitamani mmoja afanye hivyo, na hakuna aliyefanya. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Bado anaisema?"

"Kila jioni."

"Usimwambie, mtoto wa pili," alisema. "Nakuomba."

Sikumwambia. Nilirudi nyumbani kwa likizo, nikamsikiliza Mama akisema sala yake, nikauma shuka.

Mama alianza kuugua mwaka ule ambao watu wa kwetu walikuwa wamekwisha kuzoea kulima pareto. Ilikuwa tumbo, na madaktari walituambia tumrudishe nyumbani. Hakuomba mchungaji. Aliomba Mwalimu. Nilituma habari ziwani nikijua kwamba ni mzee sana, hatakuja. Alikuja. Alishuka kwenye lori la samaki hapo sokoni Mosocho, akapanda milima yetu kwa fimbo, akaingia kwetu mvua ya mchana inaanza, koti lake lile limeshiba maji.

"Mama Moraa," alisema.

"Mwalimu. Keti."

Waliongea habari za mvua, za ndege wa wimbi, za wazee waliomcheka na ambao wote wamekwisha kuzikwa. Mama alicheka kidogo. Kisha akafumba macho, akasema ile sala yake, polepole, kila neno mahali pake.

"*Japuonj, yie imiya pi.*"

Na Mwalimu, kwa mazoea ya miaka yote ile, akainuka. Alikwenda mlangoni, akaukuta mtungi wetu, akachota kwa kata, akageuka kumtafuta mtoto mdogo. Hapakuwa na mtoto. Nilikuwa nimewapeleka wote kwa jirani kwa ajili ya ugonjwa. Akasimama katikati ya nyumba, mzee yule, maji yakidondoka juu ya vidole vyake, hajui ampe nani.

"Unamtafuta nani, Mwalimu?" Mama aliuliza.

"Mtoto," alisema.

"Lete hapa. Ni mimi nimeomba."

Nilitazama chini. Mwalimu hakusogea.

"Ulijua," alisema.

"Mimi nauza ndizi Mosocho tangu huyu Kerubo ana meno ya maziwa," Mama alisema. "Wale wanawake wenu wanapanda na samaki vichwani, juani, kutoka kule chini. Wakitua mizigo, unadhani wanaomba nini kwanza?"

"Mbona hukuniambia?"

Mama aliutazama mtungi pale mlangoni.

"Aliniomba mimi kwanza, Mwalimu. Kwa lugha yetu. Mtungi ulikuwa hapo hapo, nikimtazama na kuutazama. Mama mkwe aliniambia nisimpe, nikamtii. Nilimnyima. Ndipo akageukia ukuta akakuomba wewe." Alipumzika. "Nawe ulimpa. Kila Sabato nilikuona ukimpa. Ningesema nini?"

Mwalimu alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, kazi kubwa kwa miguu ile. Nilimwinua Mama kichwa. Mwalimu akashika kata kwa mikono yote miwili, na Mama akanywa. Madaktari walisema asinywe mengi. Alikunywa yote.

Kisha alimrudishia kata, akamshukuru kwa lugha ya ziwani, kwa sauti ndogo ya mtoto anayengoja ruhusa ya kurudi kwenye gogo lake. Mwalimu alifungua mdomo kumruhusu, akashindwa.